Kutibu Udongo wa Kitalu cha Nyanya kwa Mafuta ya Karafuu

Mkulima wa Muheza, ambako mikarafuu hustawi kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, anayo karibu naye dawa ya kupunguza kinyausi (ugonjwa wa kuoza na kuanguka kwa miche michanga) na mnyauko unaoletwa na kuvu aina ya fuzari, kwa kuwa yujenoli, kemikali iliyomo katika mafuta ya karafuu huharibu utando wa seli za kuvu.

Mafuta hayachanganyiki na maji yenyewe. Kwa hiyo koroga kwanza mililita 5 za mafuta na kiasi kama hicho cha sabuni ya maji, kisha ongeza lita 1 ya maji kidogo kidogo huku ukitikisa, mpaka upate mchanganyiko mweupe kama tui. Vaa glavu. Mwagilia tuta lililolimwa na lenye unyevu kiasi, lifunike kwa nailoni siku 3 ili mvuke usipotee, halafu lifunue na usubiri wiki 2 kabla ya kusia mbegu. Nasisitiza subira hii, maana mafuta hayo hayo huunguza mizizi michanga, na kamwe yasimwagiwe miche iliyokwisha kuota. Sia kwanza mbegu chache za majaribio. Zikiota vizuri, endelea.

Udongo unaotuamisha maji hurudisha ugonjwa hata ukitibiwa, hivyo inua tuta na usirudie nyanya, biringanya wala pilipili mahali hapo msimu unaofuata.