Hatimkato na Kupiga Chapa: Anza na Kiswahili

Anayejifunza uhazili hapa Unguja, awe mwanafunzi wa chuo au karani aliyekwisha kuajiriwa, mara nyingi hupewa mazoezi yaliyotungwa kwa Kiingereza, ilhali mihutasari inayomngoja ofisini ni ya Kiswahili. Namshauri ajizoeze kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza.

Hatimkato ni mwandiko wa alama wa kunasa maneno upesi yanavyosemwa. Ile ya Isaac Pitman, iliyotolewa Uingereza mwaka 1837, hufuata sauti, si tahajia. Mstari mwembamba wa p ukikolezwa huwa b. Hivyo hivyo t na d, k na g. Kwa hiyo tumia penseli laini. Ugumu wetu uko kwenye irabu, kwani tukiziacha kama Waingereza wanavyoziacha, bata, bati, beti na boti hubaki na umbo moja. Umbo likielea juu ya mstari wa daftari bila kuugusa huashiria a, likikaa kwenye mstari wenyewe huashiria e au o, na likiukata huashiria i au u. Lakini hayo ni kwa irabu ya kwanza tu, na irabu ya mwisho, ambayo karibu kila neno letu linayo, lazima iwekewe alama yake. Viambishi ana-, ali- na wata- vipe alama fupi zisizobadilika. Wala kasi ya maneno kwa dakika isikutishe: “hawakutuambia” ni neno moja kwetu, na Mwingereza hulisema kwa matano.

Sikiliza taarifa ya habari redioni, andika dakika 2, kisha uzipige chapa siku hiyo hiyo. Mimi niliwahi kuliweka daftari la mkutano wiki nzima, nikashindwa kujua kama wajumbe walizungumzia kodi au kadi.

Kwenye kompyuta, vidole vya shahada huanzia F na J, zenye vinundu. Herufi A, iliyojaa katika maneno yetu, huangukia kidole cha mwisho cha kushoto, kilicho dhaifu, basi kizoeze kwa sasa, dada na jalada, huku mikono umeifunika kwa kanga. Zima masahihisho ya Kiingereza, ama sivyo “barua i tayari” itageuzwa kuwa “barua I tayari”. Vichwa vya sura vipe mtindo wake ili orodha ya yaliyomo ijitengeneze, na hifadhi kazi kwa Ctrl na S kila aya, kwani umeme hukatika bila kupiga hodi.