Tokibaki na fada kuu ya mikisa: viweke sawa kabla ukumbi haujajaa

Juzi nilikaa na kijana aliyekabidhiwa mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, kwa mara ya kwanza. Chaneli alizimudu, ila ule upande wa kulia, penye fada kuu (kitelezi cha sauti ya ukumbi mzima) na kitufe cha tokibaki (cha kuongea na walio jukwaani), alikuwa anauogopa hata kuugusa. Haya ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Washa

Fada zote chini. Mikisa kwanza, ampilifaya mwisho. Wakati wa kuzima, ampilifaya ndiyo inayotangulia.

Hatua ya 2: Fada kuu iende kwenye 0

Pembeni mwa fada kuu kuna alama ya 0, au herufi U. Hapo fada haiongezi sauti wala haipunguzi. Ipandishe hadi hapo uiache.

Wengi huiweka chini kwa hofu ya kelele, kisha wanahangaika kufidia kwa kuongeza geini za chaneli, yaani nguvu ya sauti inapoingia. Matokeo yake taa nyekundu za chaneli zinawaka na sauti inakwaruza, huku ukumbi bado ni mnyonge. Tena fada ikiwa chini, mkono hauna usahihi. Karibu na 0, kuisogeza kidogo hubadilisha desibeli chache tu, lakini kule chini msogeo uleule unaweza kubadilisha kumi au zaidi.

Sauti ikizidi ukumbi wakati fada iko 0, punguza kwenye ampilifaya. Kama huwezi kuifikia, basi shusha fada kuu hadi kwenye -10, lakini usiifanye kuwa desturi.

Geini ya kila chaneli iwekwe kwa PFL, kitufe cha kusikiliza na kupima chaneli moja kabla ya fada yake. Kwenye mikisa ya analogi, sauti ya kawaida icheze karibu na 0 ya taa za kipimo, na vilele vya sauti vipite juu yake kidogo. Kwenye ya dijitali, lenga karibu na -18, kwa sababu huko 0 ndiyo mwisho wa njia, na kinachozidi hapo hukatwa. Ukimaliza, achia vitufe vyote vya PFL. Katika mikisa nyingi taa za kipimo ni zilezile moja, kwa hiyo PFL ikibaki imebonyezwa utakuwa unasoma chaneli ukidhani unasoma sauti kuu.

Hatua ya 3: Tokibaki

Tokibaki ni njia ya fundi kuongea na walio jukwaani bila wasikilizaji kusikia. Hapa nitakaa kidogo, maana nilipoanza kazi hii pamenila karibu saa tatu za mazoezi ya watu.

Nilibonyeza TALK, nikaongea, jukwaani hakuna aliyegeuka. Nikabadilisha maiki. Nikabadilisha waya. Nikawasha volti 48, umeme ambao mikisa hulishia maiki za kondensa. Nikaamini mikisa imekufa. Kumbe kila kitu kilikuwa kizima. Mikisa ile ilipeleka tokibaki AUX 1 na 2 peke yake (AUX ni njia za pembeni za kutoa sauti), na monita za jukwaani, spika wanazojisikilizia walio kule, nilikuwa nimezichomeka AUX 3 na 4. Sauti yangu ilikuwa inatoka vizuri kabisa kwenye matundu yasiyo na waya.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza sauti inakwenda wapi, kabla ya kuilaumu maiki. Soma maandishi yaliyo karibu na kitufe cha TALK. Baadhi ya mikisa ina vitufe vya kuchagua AUX au MAIN (sauti kuu ya ukumbi), nyingine imefungiwa njia moja. Kwenye ya dijitali, ukurasa wa tokibaki una orodha ya njia za kuwekea alama, na ukipakia mpangilio uliouhifadhi siku nyingine, irudie orodha hiyo kuikagua.

Njia ikiwa sahihi na bado kimya, tazama kidhibiti kikuu cha AUX hiyo. Katika mikisa nyingi tokibaki huingia kabla ya kidhibiti hicho, kwa hiyo kikiwa chini hakuna kitakachopita, hata ukipaza sauti.

Ndipo uje kwenye maiki. Mimi natumia ya dainamiki yenye swichi yake, na sioni sababu ya kutumia nyingine. Haihitaji volti 48, na haizoi kila kelele ya ukumbini kama kondensa. Kondensa ukiichomeka kwenye tundu la tokibaki lisilo na volti hizo, itakaa kimya tu.

Kiwango cha tokibaki kianze chini kabisa, kisha ukipandishe huku ukiongea kawaida. Hili nalisisitiza kwa ajili ya wanaovaa monita za masikioni. Spika ya sakafuni ikipiga ghafla mtu anasogea, lakini cha sikioni hana pa kukikimbia. Mtaje mtu kwanza kwa sauti ya chini, ndipo umpe maelezo.

Spika yako ya mezani ikiwa karibu na maiki ya tokibaki, na inacheza kile unachokipeleka jukwaani, mluzi utakuja. Mikisa yenye DIM huishusha spika hiyo yenyewe unapobonyeza TALK. Isiyo nayo, ishushe kwa mkono kabla ya kuongea.

Na kitufe chenyewe. Kuna cha kushikilia, ambacho ukikiachia njia inafungwa, na kuna kinachobaki wazi hadi ukibonyeze tena. Vingine hufanya yote mawili: ukigusa upesi inabaki wazi, ukishikilia inafungwa unapoachia. Chagua kushikilia kila panapowezekana. Tokibaki iliyosahaulika wazi ikiwa imeelekezwa MAIN hupeleka ukumbini maongezi yako yote na msaidizi wako. MAIN nairuhusu tu wakati wa majaribio, pale jukwaa lisipokuwa na monita, na naiondoa kabla mlango haujafunguliwa.

Hatua ya 4: Jaribu na mtu

Mtu mmoja asimame jukwaani, mwingine katikati ya ukumbi. Ongea kupitia tokibaki. Wa jukwaani anyooshe mkono akisikia, wa ukumbini anyooshe akisikia kutoka spika kubwa. Mkono wa huyo wa ukumbini ukinyooka, rudi kwenye vitufe vya njia.

Hatua ya 5: Shughuli ikiendelea

Rekebisha kwa fada za chaneli. Fada kuu iguse pale tu ukumbi mzima unapohitaji kupanda au kushuka pamoja.

Kama kuna kurekodi au kurusha moja kwa moja, na mawimbi yanachukuliwa kwenye sauti kuu, kumbuka kuwa mara nyingi fada kuu inagusa na hiyo rekodi. Ukiishusha kwa ajili ya ukumbi, rekodi nayo inashuka. Ikiwa mikisa ina njia ya kutoa sauti isiyopita kwenye fada kuu, chukulia hapo. Rekodi nusu dakika ya majaribio huku ukibonyeza TALK na kuongea, kisha isikilize kwa hedifoni. Ukijisikia humo, tokibaki bado iko MAIN.