Kubadili tarehe za Kalenda ya Jamhuri ya Ufaransa kwa msimbo, hatua kwa hatua

Hati nyingi za kuzaliwa, ndoa na vifo zilizoandikwa Ufaransa kati ya 1793 na 1805 zina tarehe za namna hii: «13 vendémiaire an IV». Programu ya nasaba au ya nyaraka inataka 5 Oktoba 1795, yaani tarehe ya kalenda ya Gregori, ile tunayoitumia leo. Hapa tunaandika msimbo wa kwenda na kurudi kwa Python, lakini hesabu ni ileile kwa lugha yoyote. Kujumlisha siku si kazi kubwa. Kinachowaangusha wengi ni kanuni ya miaka mirefu, pamoja na majaribio dhaifu yanayoiacha ipite hata ikiwa si sahihi.

Hatua ya 1: Ijue kalenda yenyewe

Mwaka una miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, kisha siku 5 za nyongeza, au 6 mwaka ukiwa mrefu. Miezi ni Vendémiaire, Brumaire, Frimaire, Nivôse, Pluviôse, Ventôse, Germinal, Floréal, Prairial, Messidor, Thermidor na Fructidor. Ukitazama miisho utaona kila miezi mitatu inafanana: -aire, -ôse, -al, -dor. Hilo husaidia sana unaposoma mwandiko wa karani aliyekuwa na haraka.

Siku ya kwanza, 1 Vendémiaire mwaka I, ni 22 Septemba 1792. Kalenda ilipitishwa na bunge la mapinduzi tarehe 5 Oktoba 1793, ikahesabiwa kurudi nyuma. Majina ya miezi yalifuata baadaye mwezi huohuo. Napoleon Bonaparte aliifuta kuanzia 1 Januari 1806, kwa hiyo siku ya mwisho ni 10 Nivôse mwaka XIV, yaani 31 Desemba 1805. Mipaka hiyo iingie kwenye msimbo tangu mwanzo. Tarehe ya mwaka XXII ni ya kukataliwa, si ya kukadiria.

Hatua ya 2: Chagua kanuni sahihi ya miaka mirefu

Hapa usiende haraka. Sheria ilisema mwaka uanze usiku wa manane wa siku ambayo sikusare ya Septemba (mchana na usiku vinapolingana) inaangukia, kwa saa ya kituo cha kutazamia nyota cha Paris. Kwa hiyo urefu wa mwaka ulitoka angani. Katika miaka ambayo kalenda ilitumika, mirefu ilikuwa mitatu: III, VII na XI.

Mwaka 1795 Gilbert Romme, mmoja wa waasisi wa kalenda hii, alipendekeza kanuni ya kihesabu inayofanana na ya Gregori: mirefu iwe 4, 8, 12 na kuendelea. Alifariki Juni mwaka huohuo na pendekezo lake halikupitishwa. Hata hivyo limejaa kwenye programu, kwa sababu ni rahisi kuandika na linafanya kazi hata kwa miaka ya mbele. Mtu anayetaka kujua leo ni tarehe ngapi kwa kalenda hiyo anaweza kulitumia. Kwa nyaraka za kihistoria halifai, maana tarehe zote za miaka IV, VIII na XII hutoka zikiwa nyuma kwa siku moja.

Idadi ya siku zilizopita kabla ya mwaka `m` kuanza, kihistoria, ni `365*(m-1) + m//4`. Kwa Romme ni `365*(m-1) + (m-1)//4`. Tofauti ni hiyo `-1` ndani ya mabano ya mwisho, na jicho huipita kirahisi.

Hatua ya 3: Pitia kwenye hesabu moja ya siku

Usijaribu kuruka moja kwa moja kutoka kalenda moja hadi nyingine kwa jedwali la «mwezi huu huanza tarehe fulani». Mwaka wa jamhuri ulianza 22, 23 au 24 Septemba kutegemea mwaka, na 1800 haukuwa mrefu kwa Gregori, kwa hiyo jedwali hukatika katikati. Geuza kila tarehe iwe namba ya siku ya Juliasi, ambayo ni hesabu mfululizo ya siku isiyojua miezi wala miaka.

```
def gregori_kwa_namba(mwaka, mwezi, siku):
    a = (14 - mwezi) // 12
    y = mwaka + 4800 - a
    m = mwezi + 12 * a - 3
    return (siku + (153 * m + 2) // 5 + 365 * y
            + y // 4 - y // 100 + y // 400 - 32045)
```

Kwa 22 Septemba 1792 inatoa 2375840. Ukikuta jedwali la kinajimu lenye 2375839.5 kwa siku hiyohiyo, usishtuke: siku ya Juliasi huanza saa sita mchana, na hiyo nusu ni usiku wa manane uliotangulia. Sisi tunabaki na namba kamili. Vilevile kaa mbali na aina za data zenye saa na kanda za saa. Tarehe ya 1795 ikihifadhiwa kama usiku wa manane wa mahali fulani, seva iliyo kwingine inaweza kuionyesha kama siku iliyotangulia.

Hatua ya 4: Kutoka jamhuri hadi namba

Siku za nyongeza tunazichukua kama mwezi wa 13.

```
MWANZO, MWISHO = 2375840, 2380687

def siku_kabla(mwaka):
    return 365 * (mwaka - 1) + mwaka // 4

def jamhuri_kwa_namba(mwaka, mwezi, siku):
    if not (1 <= mwaka <= 14 and 1 <= mwezi <= 13):
        raise ValueError("mwaka au mwezi nje ya mipaka")
    ukomo = 30
    if mwezi == 13:
        ukomo = 6 if mwaka in (3, 7, 11) else 5
    if not 1 <= siku <= ukomo:
        raise ValueError("siku haipo")
    n = MWANZO + siku_kabla(mwaka) + 30 * (mwezi - 1) + siku - 1
    if n > MWISHO:
        raise ValueError("kalenda ilishafutwa")
    return n
```

Tuifanye kwa mkono kwa 13 Vendémiaire mwaka IV. Miaka mitatu kamili ni siku 1095. 4 kugawanya kwa 4 ni 1. Miezi iliyopita ni sifuri. Siku ni 13 kutoa 1, yaani 12. Jumla ni 1108, na 2375840 + 1108 = 2376948. Ipe fanksheni ya kwanza 5 Oktoba 1795, itakurudishia namba hiyohiyo.

Hatua ya 5: Kurudi

```
def namba_kwa_jamhuri(n):
    if not MWANZO <= n <= MWISHO:
        raise ValueError("nje ya mipaka")
    k = n - MWANZO
    mwaka = (4 * k + 1463) // 1461
    baki = k - siku_kabla(mwaka)
    return mwaka, baki // 30 + 1, baki % 30 + 1
```

1461 ni siku za miaka minne mmoja wake ukiwa mrefu. 1463 huusogeza mgawanyo ili siku ya ziada iangukie mwaka III na si IV. Kupata tarehe ya Gregori kutoka kwenye namba, Python inatosha yenyewe: `date.fromordinal(n - 1721425)`. Siku ya wiki ni `n % 7`, sifuri ikiwa Jumatatu.

Hatua ya 6: Majaribio yanayouma

Watu wengi hujaribu na 9 Thermidor mwaka II, siku kiongozi wa mapinduzi Robespierre alipoangushwa, 27 Julai 1794. Ni tarehe maarufu, lakini kama jaribio haina meno: kanuni ya Romme nayo inaipata sawasawa. Siku ya kwanza na ya mwisho za kalenda zinapita pia kwa kanuni zote mbili, kwa hiyo kupima miisho peke yake hakukulindi. Tumia hizi:

- 6 ya nyongeza mwaka III: 22 Septemba 1795
- 13 Vendémiaire IV: 5 Oktoba 1795
- 18 Brumaire VIII: 9 Novemba 1799, Jumamosi
- 1 Vendémiaire XII: 24 Septemba 1803

Ukitumia Romme, 18 Brumaire inatoka 8 Novemba, na Bonaparte anapindua serikali siku moja kabla ya wakati wake. Ongeza jaribio kwamba siku ya 6 ya nyongeza ya mwaka IV inakataliwa, kisha zungusha kitanzi cha siku zote 4848 kutoka MWANZO hadi MWISHO, kwenda na kurudi. Kinamalizika kabla hujapepesa. Kumbuka tu kwamba kitanzi hicho peke yake hakiwezi kugundua kanuni mbovu, kwa kuwa kosa linalokwenda na kurudi hujifuta.

Hatua ya 7: Maandishi ya makarani

Ondoa alama za juu za herufi kabla ya kulinganisha majina, maana «nivose» na «nivôse» ni kitu kimoja. Mwaka kubali kwa namba za Kirumi, za kawaida, au kwa maneno. Kifupisho «ven» kikatae, kwa kuwa kinaweza kuwa Vendémiaire au Ventôse. Mtu aamue kwa kutazama picha ya hati. Siku za nyongeza utazikuta kama «sans-culottides» au «jours complémentaires», zote ni mwezi wa 13. Kwenye hifadhidata weka namba ya siku pamoja na maandishi asilia kama yalivyo, kila moja kwenye safu yake.

Halafu kuna hati za mwanzoni mwa 1793. Amri ya Januari mwaka huo ilitaka mwaka II wa jamhuri uanze 1 Januari 1793, na sheria ya Oktoba ikaitengua: hati za «an II» zilizoandikwa kuanzia hapo hadi kabla ya 22 Septemba zikahesabiwa kuwa za mwaka I. Kwa hiyo «12 mars 1793, l'an II de la République» si kosa la karani. Jina la mwezi likiwa la kawaida, usiite `jamhuri_kwa_namba` kabisa: soma siku, mwezi na 1793 kwa Gregori, na hiyo «an II» ibaki kwenye safu ya maandishi asilia.