Jinsi ya kuomba viza ya Schengen kwa likizo ya pwani ya Mediterania

Nice, Málaga, Amalfi, Split na Corfu ziko katika nchi tano, lakini viza ni moja: ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja; ni ya muda mfupi, aina C, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Croatia, ulipo mji wa Split, imo tangu Januari 2023. Uturuki, Albania na Montenegro hazimo; kila moja ina utaratibu wake.

1. Panga siku kwanza. Ratiba ndiyo inayoamua ubalozi. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi; zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Siku tano Nice na nne Genoa, Italia, ni ombi la Ufaransa, hata kama ndege inatua Milan. Kukimbilia ubalozi unaosifiwa kuwa "mwepesi" wakati hoteli zako ziko nchi nyingine ni kujitafutia kukataliwa. Tena unaombea pale unapoishi kihalali: Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi Oman anaombea Muscat.

2. Weka miadi mapema. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila yanaweza kufika 45. Kwa safari ya Julai au Agosti, anza Machi. Kinachowakwamisha wengi ni kukosa nafasi ya miadi.

3. Kusanya nyaraka. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na itabaki hai angalau miezi mitatu baada ya kutoka Schengen. Picha ni milimita 35 kwa 45. Bima ya safari igharimie matibabu na kurudishwa nyumbani kwa kiwango cha angalau euro 30,000, katika nchi zote za Schengen, kwa siku zote za safari. Ongeza buking ya hoteli na ya ndege. Tiketi isiyorudishwa fedha usiilipie kabla ya viza kutoka. Aliyeajiriwa alete barua ya likizo inayotaja tarehe ya kurudi kazini, pamoja na hati za mshahara. Mfanyabiashara alete leseni na nyaraka za kodi.

Fedha ndipo penye mtego. Ufaransa hutaka euro 65 kwa siku kwa mwenye buking ya hoteli, 120 kwa asiyenayo, kwa hiyo siku tisa zenye hoteli ni euro 585. Lakini afisa hatazami salio la mwisho tu, anafuata mwenendo wa akaunti. Akaunti inayopokea mshahara wa laki nane kila mwezi, kisha ikaingia milioni sita wiki moja kabla ya miadi, inaonekana ya kuazima. Kama umeuza kiwanja, ambatisha mkataba wa mauzo. Kama ndugu anakulipia, weka barua yake na taarifa yake ya benki.

4. Nenda mwenyewe. Unatoa alama za vidole (watoto chini ya miaka 12 hawatoi) na kulipa euro 90. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni 45, chini ya hapo bure. Wakala anayepokea maombi hutoza ada yake juu ya hiyo. Ukikataliwa, ada hairudi.

5. Isome stika ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti. Tarehe za uhalali na siku za kukaa ni vitu viwili. Stika inaweza kuwa hai siku 27 huku muda wa kukaa ukiwa siku 12, unafuata 12. Angalia pia idadi ya kuingia: "01" au "MULT". Boti ya Corfu kwenda Sarandë, Albania, au feri ya Tarifa, Hispania, kwenda Tangier, Moroko, inakutoa Schengen, na mwenye "01" harudi. Ukipanga matembezi hayo, omba kuingia mara nyingi kwenye fomu na uyaonyeshe kwenye ratiba.

Ukikataliwa, utapewa fomu yenye sababu iliyowekewa alama. Unaweza kukata rufaa ndani ya muda uliotajwa humo, au kuomba upya; ila ukiomba upya na nyaraka zilezile, tarajia jibu lilelile.