Kununua gari dogo la zamani na kulifufua hapa Mwanza

Anayetafuta gari dogo la zamani lisilokula mafuta, kwa nia ya kulifufua na kulitumia miaka mingi, hana budi kuamua jambo moja kabla hajampigia dalali simu: fedha yake inanunua bodi, hainunui injini. Wengi hufanya kinyume. Husikiliza injini inavyounguruma, wakavutiwa na rangi iliyopigwa juzi, wakalipa, na masika yanapopita ndipo wanapogundua kuwa sakafu chini ya kapeti imeliwa na kutu. Injini ya Starlet au Vitz hupatikana ikiwa ya mtumba, na fundi mzoefu huifunga kwa siku chache, lakini bodi iliyooza haina spea, na kila kipande kinachochomelewa ovyo huzaa kutu mpya pembeni mwake. Kwa sababu hiyo, gari lenye injini iliyochoka na bodi kavu lina thamani kuliko lenye injini nzuri na bodi iliyooza, hata kama wauzaji hupanga bei vinginevyo.

Kuhusu aina, busara ni kubaki kwenye magari ambayo spea zake zinapatikana mjini bila kuagiza Dar es Salaam. Toyota Starlet, ambayo ilikoma kutengenezwa mwaka 1999, bado ni chaguo langu la kwanza, hasa toleo la mwisho lenye injini ya 4E-FE ya sisi (cc, yaani ujazo wa injini) 1331 na gia za mkono, kwa kuwa ni jepesi na halina mambo mengi ya umeme. Vitz, lililochukua nafasi yake mwaka huohuo, lilianza na injini ya 1SZ-FE ya sisi 997, na IST iliyofuata mwaka 2002 ina 2NZ-FE ya sisi 1298. Injini hizi mbili za baadaye hutumia cheni ya taimingi, wakati ile ya Starlet hutumia mkanda, ambao mnunuzi anapaswa kuubadilisha mara tu baada ya kununua isipokuwa kama kuna ushahidi wa maandishi kwamba umebadilishwa karibuni. Neno la muuzaji halitoshi katika hili.

Wapo wanaoamini kwamba sisi ndogo daima ndiyo nafuu ya mafuta. Kwa mji wetu hilo lina mipaka. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ongeza hapo milima ya Bugando na Mabatini, pamoja na abiria wanne, na injini ya sisi 997 hulazimika kupanda kwa gia nzito huku dereva akikanyaga mafuta mpaka chini. Mwenye familia anayepanda mlima kila siku anaweza kukuta kwamba sisi 1300 inamtoza karibu sawa na ile ndogo, na haichoki haraka.

Sasa bodi yenyewe. Ziwa Victoria ni maji baridi, kwa hiyo upepo wake hauli chuma kama ule wa baharini, na gari lililokaa Kanda ya Ziwa tangu lilipoingia nchini mara nyingi huwa safi chini kuliko lililozeeka Tanga au Dar es Salaam. Hata hivyo tuna adui wetu wa hapa, naye ni samaki. Magari mengi madogo yamewahi kubeba dagaa, sangara wa barafu au kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na maji yale ya chumvi huvuja kutoka kwenye buti hadi kwenye shimo la tairi la akiba, yakakaa humo bila mtu kujua. Inua kapeti ya buti, toa tairi la akiba, mulika kwa tochi, kisha sukuma bisibisi kwa nguvu kwenye kona za chini. Chuma kizima hugonga, na chuma kilichooza hubonyea au kutoboka, na muuzaji akikukataza kufanya hivyo, jibu umeshalipata. Harufu nayo ni shahidi: funga vioo vyote gari likiwa juani kwa nusu saa, kisha fungua buti.

Baada ya buti, pima kingo za chini ya milango, mahali jeki inapokaa, na sehemu za juu ambako shokapu za mbele zimefungwa. Hapo kwenye shokapu ndipo magari yaliyofanya kazi ya mchomoko, yaani kubeba abiria kwa gari dogo, kwenye barabara za vumbi hupasuka, na ufa uliofichwa kwa puti (lipu ya kuziba mabonde ya bodi) huonekana kama mstari mwembamba wa rangi iliyojikunja. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa itakuonyesha palipojazwa puti, maana haitanasa.

Kwa injini, nenda asubuhi na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, gari limepashwa kuficha tabu ya kuwaka. Fungua mfuniko wa oili: ukikuta utando kama chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, na gasketi ya silinda hedi ishukiwe kwanza. Injini ikiwaka, moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto ni maji.

Kisha lete fundi asiyefahamiana na muuzaji, aje na geji ya kompresheni, kipimo cha mgandamizo ndani ya silinda. Injini ikiwa na moto, achomoe plagi zote, azime cheche na petroli, akseleta ikanyagwe mpaka mwisho, halafu apige stata kwa kila silinda. Vipimo vya kwenye kitabu cha gari visikutishe, kwani kwa mwinuko wetu geji husoma chini kwa takriban asilimia 10 hata kwenye injini nzima. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda, ambayo ikizidi asilimia 15 ni dalili mbaya. Silinda dhaifu imwagiwe oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupimwa tena: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechoka, kikibaki palepale, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Hapo unaweza kujadili bei ukiwa na hoja mkononi.

Usisahau thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Fundi wengi, gari likichemsha, huitoa na kuitupa, na mwenye gari hufurahi kwa kuwa mshale wa joto haupandi tena. Lakini injini inayokimbia baridi huendelea kuongezewa petroli kana kwamba imewashwa sasa hivi, na gari dogo huanza kula kama kubwa. Irudishe, weka kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) badala ya maji matupu, na nunua mfuniko mpya wa rejeta, kwa sababu kwa mwinuko huu maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, na mfuniko uliolegea ndio unaofanya gari lichemshe katikati ya mlima.

Mwisho wa majaribio, endesha gari likiwa na watu wanne kupanda mlima, kisha tembea kilomita kadhaa kwenye lami, kwa mfano kutoka Buhongwa hadi Usagara, ukisimama bila kukanyaga breki sana. Sogeza mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, breki yake imeng'ang'ania na inakula mafuta yako.

Upande wa makaratasi, linganisha namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na namba ya injini vilevile, kwa maana injini ya mtumba isiyoandikishwa itakusumbua wakati wa kuhamisha umiliki TRA. Angalia madeni ya trafiki kwa namba ya gari, andikishianeni mkataba mbele ya wakili, na hakikisha anayeuza ndiye aliyeandikwa kwenye kadi. Gari lililokaa juu ya mawe kwa miaka halina tofauti katika hili.

Katika kulifufua, rangi iwe ya mwisho kabisa. Anza na kutu, kwa kukata palipooza na kupaka dawa ndani na nje, fuata breki, bushi, tairodi na shokapu, kisha mfumo wa kupoza, halafu plagi, chujio la hewa, nozeli na sensa ya oksijeni. Tenga fedha isiyopungua nusu ya bei uliyonunulia, maana anayeishiwa katikati huishia kuuza gari likiwa vipande.

Ili ujue kazi imefaulu, jaza tangi mpaka litapike kwenye sheli moja, andika kilomita, tumia gari kwa kawaida yako, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze tena na ugawanye kilomita kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo mara kadhaa kabla ya kubadilisha kifaa chochote kingine, na badilisha kimoja kimoja, ili kilomita zikiongezeka ujue ni kipi kilichozileta.