Yogati ya nyumbani kwa hotipoti

Kama watoto wako wanamaliza vikopo vya yogati kama wangu, acha kununua vikopo. Lita moja ya maziwa inakupa karibu lita nzima ya yogati.

Chemsha maziwa mpaka yaumuke, kisha yaache yapoe. Hapa ndipo wengi wanakosea: yakiwa moto sana unaua bakteria wanaogandisha, yakipoa kabisa hayagandi. Mimi sina kipimajoto. Nanawa mikono, natumbukiza kidole na kuhesabu hadi 10. Nikivumilia bila kuungua, yako tayari (ni kama nyuzi 43 hivi).

Koroga vijiko 2 vya yogati ya dukani, isiyo na sukari wala ladha ya stroberi, kwenye maziwa kidogo, kisha changanya na yote. Mimina kwenye hotipoti, funika, zungushia kanga nzito, na usiitikise kwa saa 8. Mimi huiweka usiku, asubuhi imeganda.

Ipoze kwenye friji kabla ya kuongeza asali au embe. Na kabla watoto hawajaivamia, ficha vijiko 2 vya kugandishia mzunguko unaofuata.