Somo: Namna ya Kuutembelea Mji wa Killaloe, Kando ya Ziwa Derg, Ireland

Killaloe umo katika Kaunti ya Clare, mahali ambapo Ziwa Derg linaishia na mto Shannon unaendelea kuteremka kuelekea Limerick. Wageni wengi huufuata kwa ajili ya mashua. Somo hili ni la mtu anayetanguliza historia.

Hatua ya kwanza ni viza. Ireland haimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aliyepata viza ya Ujerumani bado atahitaji viza ya Ireland yenyewe.

Hatua ya pili, fika Limerick, kisha panda basi au kodi gari kwa mwendo wa kilomita 25 hivi. Magari hupita kushoto kama kwetu. Ukiweza, shukia Ballina, ng'ambo ya mto katika Kaunti ya Tipperary, uingie Killaloe kwa miguu kupitia daraja kongwe la mawe lenye matao 13.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha safari. Ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Flannan, tafuta lango la kale lililonakshiwa kwa ustadi, kisha utafute jiwe la Thorgrim. Hicho ni kipande cha msalaba wa karibu mwaka 1000 chenye maandishi ya aina mbili: herufi za Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, zinazoeleza kuwa Thorgrim ndiye aliyeuchonga msalaba huo, na ogamu, yaani mistari mifupi waliyoandikia wenyeji zamani, inayomwombea baraka. Ukikumbuka kwamba Waviking walikuja kwanza kama waporaji wa nyumba za watawa, utaelewa kwa nini naliona jiwe hilo kuwa sababu tosha ya kufika Killaloe.

Hatua ya nne, panda kilima hadi kanisa la Kikatoliki, panapoaminika palikuwa na Kincora, makao ya Brian Boru, aliyekuwa Mfalme Mkuu wa Ireland tangu 1002 hadi alipouawa katika vita vya Clontarf, karibu na Dublin, mwaka 1014. Usitarajie magofu ya ikulu. Utakachokiona uani ni kikanisa cha Mtakatifu Lua, kilichohamishwa kutoka Friar's Island kwa kuwa kisiwa hicho kilikuwa kinafunikwa na maji ya mradi wa umeme wa Ardnacrusha, uliozinduliwa 1929.

Maswali ya wanachama

*Ahsante kwa somo, mwalimu. Hili ndilo Ziwa Derg la mahujaji wa Mtakatifu Patrick?*
Hapana, ndugu. Hilo liko Donegal, kaskazini kabisa; yamefanana majina tu.

*Nina watoto, na makanisa yatawachosha. Niwapeleke wapi?*
Wapeleke Béal Ború, boma la udongo la mviringo lililozungukwa na miti, mwendo mfupi kaskazini mwa mji. Wavalishe viatu vya kuhimili matope.

*Kisiwa cha Inis Cealtra nacho kinafikika siku hiyohiyo?*
Mashua za huko huondokea Mountshannon, mbali zaidi kaskazini, kwa hiyo kitengee siku yake.